Kamera Juu ya Bao: Namna ya Kurusha Mchezo Mubashara

Bao likinoga, wanaoliona ni wachache. Wawili wanacheza, wanne watano wamewainamia mabegani, na waliobaki nyuma wanasikia tu mlio wa kete na mtu akipiga ukelele wa "Kala!", kisha wanaulizana nani kala na kala ngapi. Siku ya mashindano ndiyo balaa zaidi, maana mtaa mzima umekuja kutazama ubao ambao mara nyingi haufiki hata mita moja. Simu yenye kamera nzuri, stendi na runinga vinatosha kuondoa kero hiyo. Kama klabu yako au wazee wa barazani wamekuangushia wewe kazi hii, kwa sababu ndiye unayejua mambo ya simu, soma kwanza kabla hujanunua chochote.

Kipimo cha kazi nzima ni kimoja. Mtazamaji wa bao anahesabu. Anataka kujua shimo la kichwa lina kete ngapi, la nyumba lina ngapi, na zikitoka zitafika wapi. Mweke mtu mita nne mbele ya runinga, mwulize shimo fulani lina kete tatu au nne. Akisita, picha yako ni mbovu, hata kama rangi zake zinapendeza kama za sinema.

Ufundi wa kutundika kamera juu ya mchezo na kuwaonyesha watu papo hapo umepikwa sana na wapenzi wa pinboli huko Marekani na Ulaya. Pinboli ni ile mashine ndefu yenye kioo juu, ambamo gololi ya chuma huteremka kwa kasi na mchezaji huirudisha juu kwa vibao viwili vidogo. Wenyewe mara nyingi hupanga kamera tatu: moja juu ya uwanja wa mchezo, moja kwenye kibao cha alama, na moja usoni mwa mchezaji. Kinachowatesa ni kioo, kwa sababu kinarudisha kila taa iliyomo ukumbini, na umbo la uwanja wenyewe: katika mashine nyingi una upana wa sentimita 51 na urefu wa 107 hivi, kutoka kwa mchezaji kwenda mbele, kwa hiyo picha husimama wima kwenye skrini iliyolala. Sisi hilo limetupitia mbali. Bao limelala vile vile runinga ilivyolala. Mashimo manane kwa safu nne yanaijaza skrini bila taabu, na juu na chini inabaki nafasi ya kuandika majina. Tulipozidiwa ni kwenye kibao cha alama. Bao halina, na hilo tutalifikia.

Stendi kwanza

Wengi huanza na kamera. Anza na stendi, na uanze kwa kuangalia wachezaji wanavyokaa. Wanakabiliana kwenye pande ndefu za ubao, kwa hiyo vichwa na mabega yao yataingia kwenye picha kutoka pande hizo. Pande fupi, yaliko mashimo ya kimbi na ya kichwa, ziko wazi. Huko ndiko stendi isimame, na mkono wake upite juu katikati ya ubao kwa urefu. Ukiiweka nyuma ya mchezaji mmoja utapiga picha ya kofia yake jioni nzima.

Stendi ya maikrofoni, ile yenye mkono unaokunjuka ambayo bendi hutumia, inafaa kuliko stendi nyingi za simu zinazouzwa madukani. Ifunge kishikio cha simu mwishoni, kisha ning'iniza mfuko wa mchanga upande wa pili ili isianguke juu ya kete. Kama baraza lina boriti, ni bora zaidi: funga ubao mwembamba kwenye boriti na simu chini yake. Fundi seremala pia anaweza kukutengenezea fremu ya miguu miwili kwa mbao za mabaki. Lolote utakalochagua, lisiguse mkeka, benchi wala jukwaa lilipo bao. Mchezaji wa bao haweki kete, anazitia kwa kishindo, hasa akijua amekula vizuri. Kila kishindo kikipanda kwenye stendi, picha hutetemeka, na kwenye runinga kubwa watu wataumwa na macho.

Sasa kimo. Simu nyingi, kwa lenzi yake kuu, zinapopiga video huona upana unaokaribiana na kimo zilipotundikwa, au kuzidi kidogo. Ubao wa sentimita 75, ukiongeza nafasi ya mikono, unataka upana wa mita moja. Kwa hesabu hiyo simu ingekaa mita moja juu ya ubao. Tatizo ni kwamba mita moja ndipo vichwa vilipo. Wakati wa kufikiri, wachezaji hujiinamia mbele, na wakati wa kufikiri ndio watazamaji nao wanataka kuhesabu. Panda hadi mita moja na nusu au zaidi, kisha tumia lenzi ya kuvuta kama simu inayo. Kama haina, vuta kidogo kwa kidole, kidogo tu, kwa sababu kuvuta kwa namna hiyo ni kukata picha na kuinyoosha. Ile lenzi pana mno iache kabisa: inapinda kingo, na kwenye bao kingo ndiko kete zilizoliwa huanzia safari.

Kamera itazame chini moja kwa moja. Ukiilaza upande, midomo ya mashimo ya mbali inafunika kete zilizomo, na shimo lenye tatu litaonekana lina mbili. Kuinama kidogo kwa kufuata urefu wa ubao, nyuzi kumi hivi, kunavumilika kama dari ni fupi. Zaidi ya hapo umeharibu.

Ndani ya simu kuna mambo manne ya kurekebisha. Zima kile kitulizaji cha picha, kwa kuwa kwenye stendi hakina kazi na kinapunguza upana wa picha. Bonyeza kidole juu ya ubao mpaka simu ifunge fokasi na mwanga. Usipofanya hivyo, kila mkono mweusi au kanzu nyeupe ikipita, picha nzima itafifia au kung'aa, kisha irudi, mara mia kwa mchezo mmoja. Ufunge juu ya ubao wenyewe, si juu ya mkeka, na kama mkeka ni mweupe tandika kitu cha rangi ya kiza chini ya ubao. Tatu, weka simu katika hali ya ndege kisha washa Wi-Fi peke yake, la sivyo shemeji atapiga simu bao likiwa limefika pabaya.

La nne linawashinda wengi: mistari ya kiza inayopanda na kushuka kwenye picha chini ya taa za umeme. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu nyingi zimepangwa kupiga fremu 30 au 60, hesabu inayolingana na umeme wa Marekani. Tafuta programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua mwenyewe, weka fremu 25 au 50 na kasi ya shata ya 1/50 au 1/100. Mistari itatoweka. Kama simu inaweza, chagua 50 na 1/100: fundi wa bao akianza kutia kete mkono wake huenda mbio, na kwa fremu 25 na 1/50 unaona ukungu tu unaozunguka ubao.

Mwanga

Kete za komwe ni za kijivu na zinateleza machoni kama kioo. Ubao uliotumika miaka umelowa mafuta ya mikono, nao unang'aa. Taa moja kali iliyoning'inia juu ya ubao, pembeni mwa kamera, itakupa doa jeupe katikati ya picha na kila kete itakuwa na nyota yake. Hili ndilo tatizo la kioo cha pinboli lililokuja kwetu kwa njia nyingine, na dawa ni ile ile: taa zisikae mahali ambapo mng'ao wake utarudi moja kwa moja kwenye lenzi. Weka mbili, moja kila upande mfupi wa ubao, juu ya usawa wa vichwa, na mbele ya kila moja tundika kitambaa cheupe chepesi mbali kidogo na balbu ili kisiungue. Zikiwa chini mno zitajaza mashimo kivuli na kete za chini hazitaonekana. Pandisha na kushusha mpaka uone sakafu ya shimo tupu bila kuona taa ndani ya kete.

Mchana barazani ni kazi nyingine. Baada ya Alasiri jua huingia kwa ubavu, na ubao unakuwa nusu juani nusu kivulini. Hakuna simu itakayokuokoa hapo. Tundika turubai au shuka nene upande wa jua mapema, na ukumbuke kwamba kuelekea Magharibi mwanga utaondoka kwa kasi. Washa taa zako tangu mwanzo ili mabadiliko yasiwe makubwa, kisha funga mwanga upya kila mchezo unapoanza.

Atakuja mtu akushauri upake mashimo chokaa ili kete zionekane. Ushauri wenyewe si mbaya. Ujaribu kwa ubao wako nyumbani, si kwa ule wa wazee.

Kibao cha alama ambacho hatuna

Pinboli ina namba zinazopanda. Anayefika amechelewa anajua nani anaongoza. Kwenye bao anayefika amechelewa anakuta kete zimetawanyika na hajui mchezo umefika wapi. Kitu kimoja ambacho kamera ya juu haiwezi kumwonyesha ni kete zilizo mkononi, nazo ndizo saa ya mchezo.

Katika bao la kiswahili kila mmoja ana kete 32. Kumi zinaanza ubaoni, sita zikiwa nyumbani na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 zinabaki mkononi. Kila zamu ya namua mchezaji anaingiza moja. Anachokula hakirudi mkononi, kinatiwa ubaoni. Kwa hiyo hesabu ya mkononi inashuka moja kila zamu bila kuruka, na yeyote mwenye utulivu anaweza kuifuata: 22, 21, 20, mpaka zikiisha watu waingie hatua ya mtaji. Mpe kijana mmoja kazi hiyo tu. Kama mnatumia kompyuta yenye programu ya OBS, ambayo haiuzwi, aandike namba kwenye pembe ya picha chini ya jina la kila mchezaji. Kama hamna kompyuta, kata vipande vya katoni, viandike namba kwa kalamu nene, uviweke kwenye ukingo wa mkeka ndani ya picha, na mwamuzi ageuze kila zamu. Mimi naipenda katoni kuliko kompyuta: haigandi, na mchezaji naye anaiona, hivyo hesabu ikikosewa atapiga kelele mara moja.

La pili la kuonyesha ni nyumba. Mtazamaji anahitaji kujua kama nyumba ya fulani ingali nyumba au imekwisha kuvunjika, maana sheria za shimo hilo hubadilika. Alama ndogo kando ya jina inatosha, ya kijani ikiwa hai, na iondolewe mara tu mchezaji anapoamua kusafiri nayo au mwenzake anapoila. Kuhusu idadi iliyomo, nyumba ikijaa kete hupandana na kamera haina msaada tena. Hapo anayejua ni mtangazaji aliyefuatilia tangu mwanzo, na ndiyo sababu kipaza sauti kisipewe mtu mwenye sauti nzuri asiyejua bao. Mpe fundi aliyestaafu mashindano. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuchapisha kitabu chake *Limits of the Mind* mwaka 1995, alivutwa na jinsi watu hawa wanavyohesabu kichwani mzunguko mrefu wa kete. Mtangazaji wa namna hiyo atakwambia "hii inalala kimbi" kete zikiwa bado nusu ya njia.

Na hapo ndipo hatari inapoanza. Anayesema hivyo kwa sauti karibu na mchezaji amemfundisha, na kumfundisha mchezaji katikati ya bao la maana kumevunja urafiki mwingi. Runinga iwape mgongo wachezaji. Mtangazaji akae mahali ambapo sauti yake haiwafikii, chumba kingine kama kipo, na spika zielekee kwa umati. Umati nao utapiga kelele, hilo huwezi kulizuia wala usijaribu. Ila kelele za watu mia hazimwambii mtu acheze shimo gani, sauti moja ya fundi inamwambia.

Kama una simu ya pili, iweke upande, iangalie nyuso za wachezaji wote wawili na watu walio nyuma yao. Kanuni ya kubadilisha picha ni nyepesi: mkono ukiwa unatia kete, kaa juu ya ubao, usiondoke hata kwa sekunde. Kete ya mwisho ikilala, subiri kidogo watu wahesabu, kisha nenda usoni. Mzee anapofikiri huku akisugua kete mbili kwa kidole gumba, hapo picha ya uso ina thamani. Maikrofoni ndogo ya shati ibandike chini ya ubao kwa gundi ya karatasi. Mbao hubeba mlio wa kete vizuri ajabu, na mtazamaji wa mbali atasikia bao kama yuko mkekani.

Waya na bando

Kwa runinga iliyopo hapo hapo, tumia waya wa HDMI. Kurusha picha kutoka simu kwenda runinga bila waya kunachelewa, pengine nusu sekunde, pengine zaidi, na walio karibu na ubao watashangilia kabla wa kwenye skrini hawajaona kitu. Hakuna kinachokera kama hicho. Angalia mapema kama simu yako inatoa picha kwa tundu la chaji. Nyingi za bei ya chini hazitoi, hata ukinunua adapta ya bei gani. Ikishindikana, unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB kupitia programu kama DroidCam, na kompyuta ndiyo iende kwenye runinga. Waya wa HDMI wa kawaida ukizidi mita kumi huanza kuleta matatizo, kwa hiyo sogeza meza ya kompyuta, si kurefusha waya. Chaji iwe inaingia muda wote, na simu isipigwe jua: ikipata joto kali hujizima, na huchagua wakati mbaya.

Kuwarushia walio mbali, wale wa Muscat, Mombasa na London, kunataka bando na subira. Picha ya kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde inakula gigabaiti 1.1 kwa saa. Ukipanda hadi megabiti 4 inakula 1.8. Bao halihitaji zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya picha haisogei. Kinachokuhusu ni kasi ya kupandisha, si ya kupakua ambayo kampuni hutangaza, na uipime saa ile ile ambayo mchezo utachezwa. Mtandao wa asubuhi na wa saa mbili usiku si mtandao mmoja. YouTube kwa kanuni zake haikuruhusu kurusha kwa simu ukiwa na wafuatiliaji chini ya 50, na kuwasha huduma hiyo mara ya kwanza huweza kuchukua hadi saa 24. Usigundue haya wachezaji wakiwa wameshakaa. Kwa Tanzania, ukitaka kuendesha chaneli ya kudumu kama televisheni ya mtandaoni, waulize kwanza TCRA kuhusu leseni.

Redio zizimwe. Taarabu inayosikika kutoka dukani jirani inaweza kuifanya mitandao iinyamazishe video yako kwa sababu ya hakimiliki. Wapenzi wa pinboli hupata taabu hiyo hiyo, maana baadhi ya mashine zao zenyewe hupiga nyimbo zenye wenyewe.

Baraza ni mlango wa nyumba ya mtu. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, na kamera ya nyuso isielekee mlangoni wala kwenye njia ya ndani. Waambie wachezaji kabla kwamba maneno yao yatasikika mbali, maana utani wa bao una ukali wake na si kila mtu angependa mkwewe ausikie. Adhana ikikaribia, simamisha matangazo na uweke maandishi kwamba mnarudi baada ya sala. Usiache kamera ikitazama mkeka mtupu. Mtu anaweza kupita akagusa kete, na ushahidi utakuwa nao wewe.

Mwisho, rekodi kwenye kompyuta hata kama unarusha, kwa sababu mtandao ukikatika ndiyo nakala pekee itakayobaki. Ndani ya OBS chagua faili la aina ya MKV badala ya MP4. Umeme ukikatika na kompyuta ikazimika, MP4 ya kawaida iliyokuwa inarekodiwa kwa kawaida haifunguki tena. MKV unapoteza sekunde za mwisho tu. Mchezo ukiisha, OBS yenyewe inaweza kuigeuza MKV kuwa MP4 ndani ya dakika chache, tayari kwa kutumwa. Nakala ya kwanza mpe aliyefungwa: ndiye atakayeitazama mara nyingi zaidi.